TAHADHARI: laptopu za okazioni zenye karti grafiki ya kuchomwa, musilipe mbele ya kuzipima na kazi nzito

Bandugu ba Lubumbashi, zaidi mweye munafanyaka montaji ya video za ndoa na mweye banafunzi ba UNILU munachoraka ku AutoCAD na Surpac (programu za kuchora plani na mine), tafazali musome hii mbele ya kulipa mutu makuta yenu.

Kuko mutu anauzishaka balaptopu ku WhatsApp. Anatumaka mapicha ya mashini ya kungaa, klavie yenye taa, karti grafiki ya NVIDIA (ile yenye inachoraka picha ya ku ekra), beyi chini kupita ile ya mumaduka ya mujini, na kila mara anataka mukutane inje, hapana kwake. Mi natengenezaka mashini na hizo zake zinafikaka pa meza yangu na ugonjwa moya tu, njo maana naandika, juu mutu alichunga makuta miezi mingi ili afungue studio yake na yote inapotea ndani ya saa moya, inaniuma kweli.

Ugonjwa wenyewe ni hivi. Unafungua Word, sawa, unaangalia filme, sawa. Lakini ukiweka kazi nzito, rendu ya video (kutosha video ya mwisho kisha montaji), plani ya 3D, mchezo wa mpira, kisha dakika kidogo karti inapata moto na ekra inaanza kutoa mistari ya rangi, biboksi bidogo bya kijani na rose, inakuwa nyeusi, inarudia, ama mashini yote inajizima. Wakati ingine Windows inaandika kama piloti ya karti (driver, programu yenye inaendeshaka karti) iliacha kujibu. Ukimwita muuzishaji anasema ni piloti tu, weka ingine, na weye unamaliza mega zako zote kushusha piloti, unaweka Windows mupya, mistari inarudia paka vile.

Kile anafanya: ananunua mashini zenye karti ilikufa, kwa beyi ya bipande, anafungua na anachoma chipu ya grafiki na hewa ya moto. Chini ya ile chipu kuko tupira tudogo twa eteni twenye tunaishikamanisha na plake, na kila mara inapata moto na kupoa bile bintu binapanuka na kurudia, mpaka siku moya binapasuka. Kuichoma kunaiamsha juma kidogo, pengine mwezi, kisha inakufa tena, juu mara mingi mupasuko uko ndani ya chipu yenyewe na hewa ya moto haiponyeshe pale. Ni kupakaa rangi ukuta wenye unaanguka. Na haiko jambo la leo: mu 2008 NVIDIA ilitangaza kama inatenga dola milioni 150 mpaka 200 juu ya chipu zake za laptopu zenye zilikuwa zinakufa, na mu 2015 Apple ilifungua programu ya kutengeneza bure MacBook Pro zenye ugonjwa wa video, zile za 2011 zikiwa ndani. Ile programu ilishaisha, kwa hiyo mutu akikuuzishia MacBook ya 2011 na kusema Apple itaitengeneza bure, ni bongo.

Lakini hapana kila mistari ni karti. Mistari ikitokea, piga kapture ya ekra, uifungue ku telefone yako. Kama mistari iko mu kapture, inatoka ku karti ama ku piloti. Kama kapture iko safi, mara mingi ni kabli ya ekra ama ekra yenyewe, na hiyo mara mingi inabadilishwaka kwa makuta kidogo kupita karti. Ukichezesha kifuniko polepole na mistari inabadilika, karibu hakika ni kabli. Na kama inatokea tangu ile alama ya kampuni, Windows haijaingia bado, usikubali tena hadisi ya piloti.

Ukienda kununua, beba FurMark ama Unigine Heaven ku kle USB, ni programu za bure za kutumikisha karti kwa nguvu, uache itembee nusu saa na sharjere ikiwa ndani. Sharjere njo muhimu kabisa! Ku batri laptopu inapunguza nguvu ya karti, haipate moto sana, na ule muuzishaji anajua, njo anakuambiaka "SNEL (kampuni ya kuraa) imekata, tutapima ku batri tu". Kama hakuna kuraa murudie siku ingine, ama muende mahali kuko grupu ya kuraa (jenereta). Angalia tena hii: bonyeza Ctrl, Shift na Esc, uingie fasi ya performance, pale mara mingi karti mbili zinapaswa kuonekana, ya Intel ama AMD (ile kadogo ya ndani ya prosesere) na ya NVIDIA. Mashini zingine nimezikuta NVIDIA ameizima kabisa, filme inatembea na Intel, muteja anaona yote sawa.

Garanti yake ni ya kinywa, kisha anabloka namba yako. Muuzishaji wa kweli anakuandikia fakture na namero ya seri ya mashini; akikataa, ondoka.

Wenye mulishalipa, muhamishe kazi zenu ku diski ya inje leo leo, kisha muizime ile karti mu Windows mubaki na Intel. Rendu itakuwa polepole sana lakini mashini nyingi zitaendelea kuwaka, na video za bateja hazitapotea.