Dima ndogo ya LED ya "8A": nzuri, ila hiyo namba usiiamini

Dima, yaani kifaa cha kupunguza mwanga: ni kile kiboksi kisicho na jina la kampuni, chenye kitufe cha kuzungusha na maandishi "12-24V 8A", ambacho hakikosekani kwenye maduka ya taa Kariakoo, Dar es Salaam, wala Luthuli, Nairobi. Kwa bei yake kinajitahidi. Kinawasha na kuzima mkanda wa taa za LED kwa kasi ambayo jicho haliioni, hivyo mwanga unashuka taratibu bila rangi kubadilika sana.

Tatizo ni hiyo 8A. Mkanda wa 5050 (LED za milimita 5 kwa 5) wenye LED 60 kwa mita unakula wati 14.4 kila mita, sawa na ampea 1.2 kwa volti 12. Roli la mita 5 ni ampea 6, na ukisoma boksi unaona bado una nafasi. Sasa kifungue: mara nyingi utakuta transista moja ya MOSFET, bila bati la kupooza. Hata ingekuwa MOSFET nzuri kama IRLZ44N, yenye ukinzani wa omu 0.022 hivi, ampea 6 zinaizalishia joto la karibu wati 0.8, na bila bati inaweza kuzidi joto la hewa kwa nyuzi 50. Ndani ya dari la jipsamu hewa yenyewe tayari ni moto. Kwa ampea 3 joto ni wati 0.2 tu, kwa sababu ukipunguza ampea nusu, joto linabaki robo. Ishia ampea 4, yaani mita 3 za 5050. Roli zima la 3528 (LED ndogo zaidi) la wati 4.8 kwa mita halina shida.

Kwenye kufunga ndipo wengi wanaharibu. Chanya inapita moja kwa moja; kinachokatwa ni hasi. Kwenye matatu au bajaji, ukiipa taa hasi kutoka kwenye bodi la gari, itawaka kwa nguvu zote hata ukizungusha kitufe mpaka mwisho. Rudisha hasi ya taa kwenye dima. Na "12-24V" haina maana kwamba inashusha volti: mkanda wa volti 12 kwenye basi la volti 24 utaungua, dima ikiwepo isiwepo.

Ncha za waya usizipake risasi ya kulehemu kabla ya kukaza skrubu. Risasi hujibonyeza polepole, skrubu inalegea, kiungo kinapata moto na plastiki inayeyuka. Tumia vikofia vya chuma vya kubana kwenye ncha ya waya (ferrule), au waya mtupu uliosokotwa vizuri.

Kama lazima roli zima la 5050, likate katikati kwenye alama ya mkasi. Mita 2.5 zifunge kwenye dima, zilizobaki kwenye amplifaya ya LED, kiboksi kinachoiga dima lakini kinachota umeme wake moja kwa moja kwenye pawa saplai, inayochukua ishara mwisho wa kipande cha kwanza, na pawa saplai iwe ya 12V 10A. Kitufe kinabaki kimoja.