Kozi za ufundi wa injini za boti: chuma wanakifundisha, maji wanayaruka

Ukizipima kozi hizi kwa kazi ambayo mhitimu anaweza kukabidhiwa siku yake ya kwanza karakanani, zinapata alama nzuri kwenye chuma na alama mbaya kwenye maji. Kufungua injini, kupima silinda, kubadilisha ringi, kukaza bolti za silinda hedi kwa mpangilio wake na kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukazia: hayo vyuo vingi vinayafundisha vizuri, kwa kuwa ndiyo yale yale ya karakana ya magari, na wakufunzi wengi wametokea huko. Lakini boti ikifika kwa fundi, mara nyingi pistoni ni nzima. Kinachoiumiza ni chumvi, maji yaliyoingia pasipotakiwa, waya ulioliwa na kutu na mafuta yaliyokaa tangini hadi yakachacha.

Chukua impela ya pampu ya maji, yaani gurudumu la mpira lenye mapezi linalosukuma maji ya kupoza injini. Kila kozi inafundisha kuibadilisha, na somo huishia hapo. Mwanafunzi haambiwi kwamba impela ya zamani ikitoka na mapezi mawili pungufu, mapezi hayo yako ndani bado, kwenye bomba au kwenye mdomo wa kipoza joto, na yasipotafutwa injini itachemka tena hata ikiwa na impela mpya. Haambiwi akague mikwaruzo kwenye kifuniko na bamba la pampu, alainishe kwa gliserini au maji ya sabuni badala ya grisi ya petroli inayoharibu mpira, na azungushe shafti kwa upande wake wa kawaida anapoisukuma ndani. Ule mchirizi wa maji unaotoka pembeni mwa autobodi, injini inayofungwa nyuma ya boti kwa nje, nao hufundishwa kama uthibitisho kwamba upoaji ni mzima. Unathibitisha tu kwamba pampu inasukuma. Thamostati, vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji kupita, inaweza kuwa imeganda na njia za kwenye silinda zimeziba kwa chumvi, mchirizi ukiendelea kutoka.

Kwenye dizeli zinazofungwa ndani ya boti pengo ni baya zaidi, kwa kuwa kosa moja linaua injini nzima. Pale maji ya bahari yanapochanganywa na moshi kwenye bomba la kutolea, injini ikikataa kuwaka na fundi akaendelea kuipiga stata, pampu inaendelea kusukuma maji huku hakuna moshi wa kuyatoa nje. Sailensa inajaa, maji yanarudi nyuma hadi kwenye vali na kuingia silinda. Maji hayabanwi kama hewa. Kinachofuata ni kupinda kwa koni rodi, mkono unaounganisha pistoni na kreni. Dawa yake ni rahisi: funga koki ya maji ya bahari kama unarudia rudia kupiga stata, kisha ifungue mara tu injini inapowaka, kwani impela haivumilii kuzunguka kavu. Chuo kisichokuwa na dizeli iliyofungwa na mfumo wake kamili wa kutolea moshi hakiwezi kuonyesha jambo hili. Injini iliyosimamishwa kwenye stendi, moshi ukitoka kwa bomba fupi, haifundishi chochote kuhusu hilo.

Kulinganisha shafti ya propela na gia boksi nako hufanywa vibaya. Kanuni inayotumika sana ni kwamba nafasi kati ya flanji mbili, sahani za chuma zinazounganisha shafti na gia boksi, isitofautiane, toka upande hadi upande, kwa zaidi ya inchi 0.001 kwa kila inchi moja ya kipenyo; flanji ya inchi 4, basi 0.004, ikipimwa kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) juu, chini, kushoto na kulia. Vyuo vingine vinapima boti ikiwa imepandishwa kwenye vigogo, kisha vinatoa alama. Boti ikishushwa majini umbo lake hubadilika kidogo na kipimo kinaharibika. Kipimo cha mwisho huchukuliwa ikielea, baada ya kuachwa itulie.

Umeme ndio somo dhaifu kuliko yote. Mwanafunzi anapima betri, anaona volti 12.6, anasema ni nzima. Awekewe mita kati ya nguzo chanya ya betri na bolti ya stata wakati stata inazunguka: ikisoma zaidi ya nusu volti, kebo au viungo vyake vina tatizo, hata kama vinang'aa kwa nje. Halafu kuna suala la usalama ambalo halistahili kurukwa hata kwenye kozi fupi. Stata au alteneta ya gari haifungwi kwenye injini ya petroli iliyo ndani ya boti. Ile ya boti imezibwa cheche zake zisiwashe mvuke wa petroli, ambao ni mzito kuliko hewa na hutuama kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti.

Zinki za kuzuia kutu, vipande vya metali vinavyoliwa badala ya sehemu za injini na boti, huelezwa kwa haraka, na kwa kweli hazihitaji muda mrefu: zinki kwa maji ya chumvi, magnesi kwa maji yasiyo na chumvi, alumini kwa yote mawili, badilisha ikiliwa nusu, na usiipake rangi kamwe.

Kabla ya kulipa ada, omba kuingia karakanani wakati wa somo. Hesabu wanafunzi kwa kila injini. Wakizidi wanne, wengine watakuwa watazamaji. Tafuta tangi la kuendeshea injini zikiwa na mzigo. Uliza kama wakufunzi hutega hitilafu kwa makusudi na kumwachia mwanafunzi azitafute, au kama mtihani wa vitendo ni kufungua na kufunga tu. Angalia pia kama kuna injini zenye sindano za mafuta za kielektroniki na kompyuta ya kuzisoma, kwa sababu kabureta peke yake haitoshi tena.

Cheti nacho kisikuchanganye. Cheti cha kutengeneza boti hakikupi haki ya kushika zamu kwenye injini ya meli. Huko inatawala STCW, mkataba wa kimataifa wa 1978 wa mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia uliofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2010, na kwa ofisa wa zamu kwenye meli yenye injini ya kilowati 750 au zaidi, programu iliyoidhinishwa hudai angalau miezi 12 ya karakana na bahari kwa pamoja, ambayo 6 kati yake ni ya zamu ndani ya chumba cha injini.