Vimeng'enya vya ini au kazi ya ini: vipimo viwili, maswali mawili

Kinachoitwa kwa mazoea "kipimo cha ini" huwa ni mkusanyiko wa vipimo vya aina mbili, na kuvichanganya huwatia watu hofu bure au, vibaya zaidi, huwatuliza pasipostahili.

Aina ya kwanza hupima vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kikemikali mwilini), hasa viwili viitwavyo ALT na AST, ambavyo hukaa ndani ya seli na kuvujia katika damu seli hizo zinapojeruhiwa. ALT hutoka zaidi kwenye ini, ilhali AST imo pia katika misuli, kwa hiyo hata mazoezi mazito huweza kuipandisha.

Aina ya pili huuliza kama ini bado linatengeneza albumini (protini kuu ya majimaji ya damu) na protini za kugandisha damu. Huchukua takriban wiki 3 kwa nusu ya albumini iliyomo mwilini kuisha, hivyo kushuka kwake hudokeza tatizo la muda mrefu, ilhali muda wa damu kuganda huweza kurefuka ndani ya siku 1 au 2 ini linaposhindwa ghafla (ingawa upungufu wa vitamini K nao huurefusha).

Katika ugonjwa sugu, naona aina ya pili ina uzito zaidi, kwa kuwa ini lililojaa makovu huweza kuonyesha vimeng'enya vya kawaida, kwani seli zilizobaki za kuvuja ni chache. Kwa anayetafuta dalili za mapema za homa ya ini, hata hivyo, ALT ndiyo hutangulia. Albumini huweza kubaki sawa hadi uharibifu uwe mkubwa.