Rifulekta ya kukunja chini ya jua la Mtwara

Kwa miezi sita sasa nimekuwa nikibeba rifulekta ya kukunja, yaani kifaa cha kulainisha au kurudisha mwanga wakati wa kupiga picha, ya aina ambayo wauzaji huiita "tano kwa moja", yenye kipenyo cha sentimita 60, niliyoinunua kwa shilingi 35,000 katika duka moja la vifaa vya simu na kamera mjini Mtwara. Haina jina la kampuni linalosomeka. Ni waya wa chuma uliopindwa duara na kuvishwa kitambaa cheupe kinachopitisha mwanga, pamoja na kava la zipu lenye nyuso za rangi ya fedha, dhahabu, nyeupe na nyeusi. Mimi hupiga picha za wanyama wadogo wa porini, hasa kaa wa mikokoni na vinyonga, na ninaipima kwa kazi hiyo tu. Mpigapicha wa harusi atakuwa na maoni yake.

Huenda mtu akauliza kwa nini nisisubiri jua la jioni likapoa. Kwa kinyonga, ushauri huo ni mzuri. Kwa kaa wa ghuba ya Mikindani haufai, kwa sababu kaa hafuati saa yangu, anafuata maji. Siku za bamvua, yaani za maji kujaa na kupwa sana, ambazo ndizo ninazokwenda, bahari hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kupwa kwa pili huja usiku. Kwa hiyo wakati tope limeachwa wazi na madume wanapunga lile gando lao moja kubwa, jua limekwisha kupanda. Isitoshe, Mtwara iko karibu nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, hivyo katika wiki ya tatu ya Oktoba, na tena mwishoni mwa Februari, jua la adhuhuri hupita takriban wima juu ya utosi. Mgongo wa mnyama huwaka mweupe, na macho na miguu yake huzama gizani.

Kitambaa cheupe ndicho kilichonilipa fedha zangu. Kinyonga niliyempata juu ya mkorosho, saa sita kasoro, nilimpiga kwanza bila kitu: tundu la lenzi f/8, wepesi wa kamera kuhisi mwanga ISO 400, na muda wa kupokea mwanga 1/1600 ya sekunde. Magamba ya kichwani yalikuwa yameungua kuwa doa moja jeupe. Mpwa wangu aliposimamisha kitambaa nusu mita juu yake, kamera ilihitaji muda wa 1/500 ya sekunde, yaani mwanga uliopita ulikuwa kama theluthi moja tu, na kila gamba likaonekana na kivuli chake chepesi. Tatizo ni kwamba kitambaa cha sentimita 60 humfunika mnyama wala hakifuniki kilicho nyuma yake. Nyasi za nyuma zilibaki katika jua kali, zikawaka kupita kiasi, na nililazimika kuzunguka hadi nikapata upande ambao nyuma ya kinyonga palikuwa na kivuli cha mkorosho wenyewe. Jambo hili halikuandikwa kwenye mfuko wake, nami niliharibu picha nyingi kabla ya kulielewa.

Nyuso za fedha na dhahabu nisingemshauri mtu azitumie kwa mnyama wa porini. Nilijaribu ile ya fedha mara moja, nikiurudisha mwanga chini ya tawi. "Mjomba, amefumba macho," mpwa wangu akaniambia, na kweli kinyonga alikuwa amejivimbisha na kuanza kuwa mweusi. Tuliikunja, tukamwacha.

Kwa kaa ugumu ni mwingine. Kitu chochote kinachopita juu yao wanakiona kama ndege, na kivuli cha rifulekta kikitikisika tu, tope lote huwa tupu. Dawa niliyoipata ni kuifunga juu ya vijiti viwili kabla ya kulala kifudifudi, kisha kungoja dakika ishirini au zaidi pasipo kusogea. Upepo wa baharini nao huigeuza kuwa tanga. Vijiti vifupi vilivyozamishwa sana ndivyo vinavyostahimili. Na mng'ao wa gamba lililolowa hautoweki chini ya kitambaa, bali hutawanyika na kuwa ukungu mweupe, ambao nimeweza kuupunguza kwa kichujio cha polaraiza peke yake, kioo cha mbele ya lenzi kinachokata mng'ao.

Katika kuhariri ndipo tofauti inapoonekana zaidi. Mimi hutumia Darktable, programu ya bure ya kompyuta, na hupiga picha ghafi, yaani zisizochakatwa na kamera: kamera yangu huhifadhi biti 14, yaani ngazi 16,384 kwa kila rangi, wakati jpeg, picha ya kawaida iliyobanwa, ina biti 8, yaani ngazi 256. Picha iliyopigwa chini ya kitambaa huhitaji kushushwa kidogo sehemu za mwanga na kuinuliwa kidogo vivuli, basi. Ile ya jua tupu, nikiinua vivuli, miguu ya kaa hujaa chengachenga, na weupe ulioungua mgongoni haurudi hata ukiushusha hadi mwisho, kwa kuwa hakuna taarifa yoyote iliyohifadhiwa pale. Kasoro ni kwamba kitambaa hiki si cheupe hasa, kinatia umanjano. Kwa sababu hiyo hupiga kwanza karatasi nyeupe chini yake, na rangi za picha zote zinazofuata huzisawazisha kwa kuipima karatasi ile.

Uimara wake ni wa kawaida. Waya ulianza kutu mwezi wa pili kwa sababu ya chumvi, na sasa huisuuza kwa maji yasiyo na chumvi kila nikirudi na kuianika kivulini. Mshono wa ukingoni ulifumuka mwezi wa nne. Fundi cherehani aliushona upya kwa uzi wa turubai, akanitoza shilingi 1,000, na haujafumuka tena.