Kundi la VIP la kocha wa fedha: niliuliza swali moja nikafukuzwa

Nianze na ujumbe wa sauti alionitumia kocha wa kundi tulilokuwa tukililipia ili atuelekeze kununua na kuuza sokoni, maana ndio unaonifanya niandike. Hata dakika haukufika. Sauti ile ile iliyokuwa ikituamsha asubuhi na "wapendwa wangu, leo tunavuna" ndiyo iliyoniambia nina umaskini wa fikra, kwamba watu wa aina yangu ndio wanaowavuta wenzao chini, na nishukuru alivyonivumilia. Nikaanza kuandika jibu. Kabla sijalituma nikajikuta niko nje ya kundi, na namba yangu ameibloku kila mahali.

Kosa langu lilikuwa swali. Niliuliza mbele ya watu wote: "Kocha, ile signali ya jana jioni mbona siioni?"

Basi. Sikutukana, sikudai pesa. Jana yake alikuwa ametutumia signali ya kununua, yaani maelekezo ya kuingia sokoni, tena kwa kutuhimiza, eti anayesubiri atajuta. Wengi tukaingia. Bei ikaporomoka moja kwa moja mpaka kwenye kikomo cha hasara, pale biashara inapojifunga yenyewe ili usipoteze zaidi. Asubuhi nafungua kundi, ujumbe umefutwa, na mahali pake zimepangwa skrinshoti tatu za faida na pongezi chini yake. Nilipekua juu chini nikidhani macho yananidanganya. Lakini mimi huandika kila kitu kwenye daftari, na saa niliyoingia sokoni imo kwenye historia ya akaunti yangu. Sikuota.

Tangu hapo siwezi kuziangalia zile skrinshoti bila hasira. Nilizokuwa nimezihifadhi nilizirudia moja baada ya nyingine. Zote zimekatwa juu, pale pale ambapo programu huonyesha kama akaunti ni ya kweli au ni ya demo. Zote! Akaunti ya demo hupewa pesa za kujifunzia ambazo si za mtu yeyote. Unaweza kufungua kumi, tano ukanunua, tano ukauza, kisha ukapiga picha zile zilizoshinda. Na anayefuta signali zilizoshindwa anabaki na rekodi safi kama maji. Miezi yote niliyokaa mle hakuwahi kuwa na wiki mbaya, nasi tulikuwa tukimpongeza kwa hilo.

Ahadi yake ilikuwa asilimia 10 kwa wiki. Nimeipigia hesabu nikiwa tayari nimeshatoka, jambo ambalo linaniuma. Charles Ponzi, yule ambaye utapeli wa kuwalipa wa kwanza kwa pesa za wanaofuata umebaki na jina lake, aliwaahidi watu wa Boston mwaka 1920 asilimia 50 kwa siku 45. Kocha wetu, ukiacha faida ijizalie kwa wiki sita tu, yaani siku 42, alikuwa akituahidi asilimia 77. Endelea mpaka wiki 52, shilingi moja inakuwa 142. Mtu mwenye mashine ya namna hiyo anahangaikia ada yangu ya mwezi ya nini?

Kisha ile linki. Hukubaliwi VIP mpaka ufungue akaunti kwa dalali, yaani kampuni inayopitisha biashara zako sokoni, kupitia linki yake. Alisema ni kwa usalama wetu. Nilichokuja kuelewa ni kwamba anayeleta mteja hulipwa kamisheni kila mteja anapofanya biashara, ashinde asishinde, na wapo madalali wanaomgawia sehemu ya pesa anazopoteza mteja huyo. Sina ushahidi dalali wetu alimlipa kwa njia ipi, kwa hiyo simsingizii. Ila signali kumi na mbili kwa siku sasa naziona kwa jicho jingine.

Na onyo lilikuwepo. Madalali wanaohudumia nchi za Umoja wa Ulaya wanalazimika tangu 2018 kuandika asilimia ya wateja wao wa kawaida wanaopoteza pesa. Mamlaka za masoko za huko zilipochunguza zilikuta ni kati ya asilimia 74 na 89. Nilipomuuliza kocha faraghani, mwanzoni kabisa, akanijibu kuwa hao ni watu wasio na kocha. Nikaridhika. Nilimjibu asante.

Haki yake nimpe. Masomo ya wiki mbili za kwanza yalikuwa mazuri: usiweke hatarini zaidi ya asilimia 1 ya mtaji kwenye biashara moja, usitumie pesa ya kodi wala ya ada ya mtoto, andika kila unachofanya. Daftari lililoniokoa nilianza kuliandika kwa sababu yake. Kwa ajili hiyo nilikaa chini nikiwa nimeamua kumpa nyota mbili, na hasira nikazimeza.

Lakini nikakumbuka wiki ya tatu. Mwanakikundi mmoja aliandika kuwa ameunguza akaunti yote na pesa ilikuwa ya mkopo. Kocha huyo huyo wa asilimia 1 akamwambia waliofanikiwa hawaogopi, aongeze amana arudishe hasara yake. Komenti zikajaa mikono ya kushangilia. Mimi pia niliweka mkono. Yule mtu sikumwona akiandika tena.

Kwa hiyo nyota zote mbili naziondoa. Kama mfumo ungeniruhusu kuweka sifuri ningeweka sifuri, na hiyo moja mnayoiona ni kwa sababu bila hiyo maoni hayatumwi.

Kinachoninyima usingizi ni mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemwingiza, nilimtumia linki kwa mkono wangu, na bado yumo. Nilimsikilizisha ule ujumbe wa sauti tangu mwanzo mpaka mwisho. Akanyamaza kidogo, akasema, "Lakini dada, ungemuuliza pembeni." Nikamwonyesha daftari, nikamwonyesha zile picha zilizokatwa. Akasema mwezi huu kocha amewafungulia nafasi maalumu, na anayeongeza amana kabla ya Ijumaa hatozwi ada.

Ameshaongeza.