Diski mpya za breki za mbele kwenye Toyota Fielder yangu, miezi minne baadaye

Nikishuka kutoka Kiboswa kwenda Mamboleo, kila nikigusa breki usukani ulitetemeka hadi mke wangu akawa anashikilia dashibodi. Fundi wa kwanza alizichonga diski, yale mabamba ya chuma yanayobanwa na breki, kwa mashine, shilingi 2,000, gari likatulia. Wiki sita, tetemeko hilo limerudi. Akachonga tena, nami nikalipa tena, mjinga mimi.

Mara ya tatu nikahamia gereji nyingine hapa Kisumu. Mzee mwenyewe alipima unene kwa vania, kisha akanionyesha kiwango cha chini kilichopigwa chapa kwenye diski. Zangu zilishapita hapo. Nikanunua jozi mpya, si za Toyota halisi, kwa 7,500, na pedi, vile vipande vinavyoibana diski, 2,800. Nilitaka kubakiza pedi za zamani. Akakataa katakata, kwamba zimeshalika kufuata mikwaruzo ya diski mbovu.

Diski ziligoma kutoka. Kijana wake akakimbilia nyundo, mzee akamzuia. Akaingiza bolti mbili kwenye yale matundu mawili yenye nyuzi usoni mwa diski, akakaza hii kidogo na ile kidogo, ikajisukuma yenyewe. Miaka yote nayaona matundu hayo na sikujua kazi yake! Nyuma yake, kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu diski inapokalia, kutu ilikuwa imeganda kama ukoko wa sufuria. Aliisugua kwa brashi ya waya na msasa karibu nusu saa, upande mmoja tu. Kutu ikibaki hapo diski hukaa mshazari kidogo, pedi zinaila sehemu moja kuliko nyingine, na usukani unaanza tena. Yule wa kwanza hakuwahi kupagusa. Kalipa nazo, zile zinazoshika pedi, alizifunga kwa waya kwenye springi zisining'inie kwa mpira wa kupitishia mafuta ya breki, na diski mpya akazifuta mafuta kabla ya kufunga.

Malalamiko ninayo. Nati za magurudumu zilikazwa kwa bomba refu na hasira. Nilizilegeza nyumbani nikazikaza upya. Na kama nisingeuliza, nisingeambiwa nizizoeshe breki: kupunguza mwendo polepole mara kadhaa bila kusimama kabisa, huku nikiziacha zipoe.

Ufundi 1,500. Mteremko wa Kiboswa sasa naushuka kwa mkono mmoja. Kelele iliyobaki ni ya nyuma, kwenye drami, breki za aina ya ngoma, na hiyo itangoja mshahara.