Duka la pembejeo la Mwea: mbegu nzuri, dawa bila lebo

Kwa misimu mitatu nimenunua mbegu katika duka hili lililo karibu na mashamba ya mpunga ya Mwea, na hazijawahi kuniangusha. Bei zake ni za haki. Linalonisikitisha ni jinsi viuatilifu vinavyouzwa. Mwezi uliopita niliomba dawa ya viwavi. Muuzaji akanipimia unga wa kijivu kwa kijiko cha chai, akaufunga katika kipande cha gazeti, bila lebo na bila kunieleza kiasi cha kuchanganya wala siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Wakenya tunaijua vizuri hatari hii. Karibofurani, dawa ya wadudu tuliyoizoea kwa jina la Furadan, ni kali kiasi kwamba chembe moja inaweza kumuua ndege mdogo aliyeidhania kuwa mbegu. Na baadhi ya wafugaji waliitia katika mizoga ili kuwaua simba, wakafa pia tumbusi walioshukia mizoga hiyo kwa makundi. Mwaka 2009 kampuni iliyoitengeneza, FMC, iliiondoa katika soko la Kenya. Nami kila asubuhi huwaona yangeyange wakidonoa wadudu kwenye majaruba yangu, hatua chache tu kutoka ninaponyunyizia.

Mwenye duka alinisikiliza kwa heshima, akanibadilishia kwa pakiti iliyofungwa kiwandani, yenye maelezo kamili. Mbegu nitaendelea kununua kwake, lakini dawa nitanunua pale tu kile kijiko kitakapoondolewa kaunta.